Kiingereza cha barabara kwa mashofere wa Kasumbalesa: kozi ya jioni ya Kampemba

Kozi hii inafundishwa jioni tatu kwa juma, kwa wiki sita, katika komini ya Kampemba hapa Lubumbashi. Ukijiandikisha unapewa kijitabu cha mfukoni, na masomo ya sauti yanakufikia kwa WhatsApp. Imetengenezewa mashofere wa makamio wanaovuka Kasumbalesa kuingia Zambia, pamoja na wale wanaoteremka hadi mipaka ya Zimbabwe, Chirundu na Beitbridge. Tumeipima kwa swali moja: je, maneno yake ndiyo shofere atakayoyasikia kuanzia Chililabombwe, mji wa kwanza upande wa Zambia? Kwa upande wa karatasi na mizani, ndiyo. Kwa upande wa mafuta na vyuma vya motoka, kijitabu kinampoteza.

Somo la karatasi ndilo linalostahili pesa. Shofere aliyesoma Kifaransa anafika mpakani na maneno yanayofanana na ya Kiingereza lakini yana kazi nyingine kabisa. Polisi akisema "licence" anataka permi ya kuendesha, wakati shuleni kwetu licence ni shahada ya chuo kikuu. Shofere akijibu "permit" huku ananyoosha permi yake, anamchanganya mtu wa duane, maana kwa huyo "permit" ni kibali cha kuingiza gari nchini kwa muda. Mwalimu anawasimamisha wanafunzi wawili wawili, mmoja afisa na mwingine shofere, na anawarudisha nyuma kila wanapokosea. Ndivyo jambo hili linavyopaswa kufundishwa.

"Yellow card" inaleta matata zaidi. Kwetu karte jone ni kile kijitabu cha chanjo ya homa ya manjano. Kwenye dirisha la bima, "yellow card" ni bima ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, inayolipa madhara utakayowasababishia wengine ukiwa nje ya nchi yako. Na mtu wa afya naye anaweza kuomba ile ya chanjo, mita chache kutoka hapo. Kozi inafundisha swali fupi la kuuliza: "Insurance or vaccination?" Ukilijua hilo, hutoi karatasi isiyotakiwa mbele ya foleni nzima. "White book" nayo ni hati ya usajili wa gari, sawa na karte roze yetu, na "fitness" ni cheti kwamba gari limekaguliwa na linafaa barabarani. Hakuna anayekuuliza habari za afya yako.

Somo la mizani ni zuri kuliko yote. Mwanafunzi anapewa karatasi ya kipimo kama zile za vituo vya mizani vya Kapiri Mposhi na Kafue huko Zambia, aisome kwa sauti kisha aeleze kuna tatizo gani. Mfano wa kijitabu ni kamio lenye ekseli sita: mbele kilo 6,800, ekseli mbili za katikati 16,100, ekseli tatu za remorki 26,100. Jumla ni 49,000, chini sana ya tani 56 ambazo ndizo kikomo cha jumla, na shofere wengi hapo wanasema wako salama. Hawako salama. Kundi la ekseli tatu linaruhusiwa tani 24, kwa hiyo remorki imezidi ingawa jumla haijazidi. Mzigo umekaa nyuma mno. Ukisikia "your tridem is over", yaani kundi lako la ekseli tatu limezidi, hutakiwi kubishana kuhusu jumla, unatakiwa kusema "I will shift the load forward", nitasogeza mzigo mbele, na kuuliza ni wapi panaporuhusiwa kufungua turubai. Mwalimu anasisitiza pia alama ya mkato. Kwa Kifaransa, 26,100 ni ishirini na sita nukta moja. Kwa Kiingereza ni elfu ishirini na sita na mia moja.

Kuna jambo kijitabu kimelipatia nusu ukurasa tu, nalo lilistahili somo zima: kutaja herufi. Namba ya shasi ina herufi na tarakimu 17, na ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na mara nyingi zinasomwa kwa simu. Shofere wetu akiona G anasema "je". Mwingereza akisikia "je" anaandika J. Akiona J anasema "ji", na upande wa pili wanaandika G. Herufi I ya Kifaransa inaandikwa E, na R ya Kiingereza sikio letu linaisikia kama A. Herufi moja ikikosewa, karatasi hailingani na kontena na kamio linalala pakingi. Dawa ipo, kutaja neno zima badala ya herufi: Golf kwa G, Juliett kwa J, Echo kwa E, India kwa I, Romeo kwa R. Tena kwenye namba ya shasi herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, kwa hiyo unachodhani ni O ni sifuri. Kozi haisemi hivyo, na inapaswa kusema. Tarakimu zinakwenda vizuri zaidi, hata "double four" na "oh" badala ya zero zimo kwenye sauti.

Sasa kasoro kubwa. Sura ya motoka na mafuta imeandikwa kwa Kiingereza cha Marekani: hood, trunk, windshield, wrench, gas. Zambia wanasema bonnet, boot, windscreen, spanner, petrol. Mengine utaeleweka tu, lakini mafuta hayachezewi. Hapa Lubumbashi petroli ni mafuta ya taa. Kule "petrol" ni esansi. Shofere anayetaka mafuta ya jiko lake la njiani akiomba "petrol" atajaziwa esansi, na jiko la utambi likitiwa esansi linalipuka. Aombe "paraffin". Mazuti ni "diesel", basi. "Gas" aiache, kule ni gesi ya kupikia. Kurasa hizi zichapwe upya kabla kundi jingine halijaanza.

Kijitabu hakina pia maneno ya mtaani ya kusini mwa Afrika. Ukiambiwa "turn left at the second robot", robot ni taa za barabarani. "Horse" ni kichwa cha kamio bila remorki, kwa hiyo fundi akiuliza kama tatizo liko kwenye horse au trailer hajachanganyikiwa. Maneno haya yanasikika kila siku kati ya Ndola na Lusaka.

Alama za barabarani zimefundishwa vya kutosha. "Keep left" imerudiwa sana, na ni haki, kwa kuwa ukivuka Kasumbalesa unahama kutoka kulia kwenda kushoto. Kwenye mzunguko unapisha walio tayari ndani, wanaokuja kutoka kulia kwako, nao wanazunguka kufuata mshale wa saa. "Diversion" (njia ya kuzunguka) na "weighbridge ahead" (mizani iko mbele) zimo. "Speed humps", yaani matuta ya barabarani, haimo, mwanafunzi aiandike mwenyewe kwenye jalada.

Bei ni dola 30 kwa wiki zote sita, franga zinapokelewa kwa bei ya siku. Darasa limejaa kupita kiasi, na anayekaa nyuma hapati zamu ya kusema. Fika mapema ukae mbele. Shofere ambaye hatulii mjini wiki sita anaweza kununua sauti peke yake kwa dola 10. Achague masomo ya karatasi, mizani na tarakimu, aruke la motoka, na ayapakue kwenye simu akiwa bado upande wetu, kwa kuwa laini ya Kongo ikivuka mpaka inakula salio haraka.