Soyuz kwenda kituo cha anga: unacholipia ni kiti cha kurudi

Huduma ya kupeleka zamu mpya kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga huhukumiwa kwa jambo lisilo lenyewe. Watu hutazama moto wa roketi dakika tisa, wakapiga makofi, wakazima simu. Dakika hizo ni za hatari kweli, ila sizo zinazolipiwa. Anayenunua nafasi ndani ya Soyuz, chombo cha Warusi, ananunua kiti kitakachokaa gatini, yaani kikiwa kimefungwa kwenye kituo, miezi sita au zaidi, kikipigwa jua na kivuli kila baada ya dakika 45 hivi, na siku ya mwisho kiwake na kimfikishe mtu ardhini akiwa hai. Soyuz MS, toleo la sasa, tumeipima kwa kipimo hicho. Dragon ya SpaceX, Starliner ya Boeing na Shenzhou ya Wachina, inayokwenda kituo chao wenyewe, tumezigusa pale tu zinapofundisha kitu.

Chombo ni vyumba vitatu vilivyofuatana, urefu wa mita 7.5 hivi, uzito wa tani 7 na ushei. Mbele kuna chumba cha mviringo chenye choo, shehena na mlango wa gati. Katikati ni kapsuli ya kurudia, kipenyo mita 2.2, nayo peke yake ndiyo hufika ardhini. Nyuma kuna injini, mafuta na paneli za jua. Abiria watatu hulala chali ndani ya kapsuli, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Masharti yao ni urefu wa sentimita 150 hadi 190 na uzito wa kilo 50 hadi 95. Jitu la miraba minne halisafiri, hata liwe na pesa kiasi gani.

Kiti chenyewe huitwa Kazbek, na juu yake hufungwa kalibu ya mtu mmoja mmoja. Abiria hulazwa kwenye plasta mbichi mpaka ichukue umbo la mgongo wake, kisha hapo ndipo hutengenezwa tandiko lake. Upande wa kichwani huachwa nafasi, maana mtu akikaa bila uzito uti wa mgongo hurefuka kwa sentimita kadhaa. Tandiko hilo ndiyo tiketi hasa. Wakibadilishana vyombo, hung'olewa na kuhamishwa, na mtu huhesabiwa kuwa wa chombo kile ambacho tandiko lake limefungwa, si kile alichokuja nacho.

Safari ya kwenda ina njia tatu. Ya siku mbili huzunguka dunia mara 34. Ya saa sita huzunguka mara nne, nayo ilianza kubeba watu Machi 2013. Ya saa tatu huzunguka mara mbili tu, na watu waliipanda mara ya kwanza ndani ya Soyuz MS-17, Oktoba 2020. Hii ya tatu ndiyo inayotangazwa sana, na ndiyo ya kutoitegemea. Ili ifanikiwe, kituo chenyewe lazima kisogezwe mapema, mzunguko wake ukirekebishwa kidogo kidogo kwa injini, ili roketi inaporuka kikutwe mahali hasa panapotakiwa. Ukikosa siku yako, hesabu yote inavurugika. Tarehe 21 Machi 2024 Soyuz MS-25 ilisimamishwa zikiwa zimebaki sekunde 20 hivi kwa sababu volteji ya betri ya roketi ilishuka. Iliruka tarehe 23, saa tisa na dakika 36 alasiri, na abiria wakafika tarehe 25. Kucheleweshwa siku mbili chini kukazaa siku mbili nyingine juu, ndani ya nafasi finyu, tena katika zile siku za mwanzo ambazo wengi husumbuliwa na kichefuchefu.

Kutia gati kunafanywa na mtambo wa Kurs, unaopima umbali na kasi kwa redio, huku kamanda akiwa na vishikio vyake viwili tayari. Agosti 2019 Soyuz MS-14, iliyoruka bila mtu, ilikataa kuingia kwenye gati la Poisk, chumba cha upande wa Warusi wa kituo, kwa kuwa kikuza mawimbi cha Kurs upande wa kituo kilikuwa na hitilafu. Angekuwemo kamanda, angeshika usukani mwenyewe. Kwa kuwa hakuwemo, ilibidi wenyeji waihamishe Soyuz MS-13 kutoka nyuma ya Zvezda, chumba kingine cha upande huo, ili kumwachia mgeni gati lenye mtambo mzima.

Ndoano zikishafunga, mlango haufunguliwi mara moja. Watazamaji hulalamika kwa subira hii ya saa moja na nusu hadi mbili, ila kwetu sisi hapa ndipo huduma inapopata alama zake. Presha ya ule uwazi mwembamba kati ya milango miwili hupimwa na kuachwa. Ikishuka, basi mpira wa kuziba umeshika uchafu au umekaa upande, na kufungua mlango hapo ni kuchezea hewa ya watu wote. Ikisimama pale pale, presha husawazishwa kwa vali, ndipo wenyeji na wageni wakumbatiane.

Kwa mizigo, usitarajie makubwa. Abiria watatu wakishaketi, kinachobaki ni makumi ya kilo. Shehena huletwa na Progress, ndugu yake asiyebeba mtu: tani 2 na nusu hivi za chakula, maji, hewa na mafuta ya kuinulia kituo. Anayevuka Mokowe kwenda Lamu anaujua mpango huu, abiria kwa spidi boti, saruji kwa mashua ya mizigo. Ila Progress hairudi. Hujazwa taka na kuachwa iungue juu ya Pasifiki ya kusini. Mwenye sampuli za kurudishwa maabara kwa wingi aangalie Dragon ya mizigo, kwani Soyuz haitamsaidia.

Sasa tuje kwenye miezi ya gatini. Injini ndogo zinazoielekeza kapsuli wakati wa kushuka hutumia haidrojeni peroksaidi, na dawa hiyo huvunjika polepole kuwa maji na oksijeni hata ikikaa bila kuguswa. Ndiyo maana chombo kina umri wenye kikomo, na zamu nzima ya kituo hupangwa kufuata umri huo.

Hitilafu za gatini zipo. Agosti 2018 tundu la milimita 2 lilipatikana kwenye chumba cha mbele cha Soyuz MS-09, likazibwa kwa gundi ya epoksi na kitambaa cha shashi, na kapsuli ikarudi salama kwa sababu chumba hicho hakirudi ardhini. Kubwa zaidi ni la Soyuz MS-22. Tarehe 15 Desemba 2022 tundu la milimita 0.8 kwenye rediata lilimwaga kipozeo chote, kikionekana kwenye kamera kama chembe za theluji zinazotawanyika. Chombo kilikuwa kizima kwa kila kitu kingine, lakini watu watatu ndani ya kapsuli isiyopozwa hupandisha joto na unyevu kwa haraka. Wakawapunguza kwa hesabu: tandiko la Mmarekani Frank Rubio likahamishiwa ndani ya Dragon iliyokuwepo, ili ikitokea dharura wenzake Warusi, Sergey Prokopyev na Dmitri Petelin, washuke wawili tu. Februari 2023 Soyuz MS-23 ikaletwa tupu, matandiko yote matatu yakahamia humo, na watatu hao wakatua tarehe 27 Septemba 2023 baada ya siku 371. Safari ya nusu mwaka ikageuka mwaka mzima. Kwa abiria ni kero kubwa, kwa huduma ni ushahidi mzuri: kilipotokea kisichotarajiwa, kiti kilipatikana.

Kuokolewa wakati wa kuruka nako kumejaribiwa kweli. Tarehe 11 Oktoba 2018 pini ya kihisio iliyopinda wakati wa kuunganisha roketi ilifanya pipa moja la pembeni lisiachane vizuri, likaigonga roketi ya kati. Aleksey Ovchinin na Nick Hague walichomolewa, wakashuka kwa parachuti, na Machi iliyofuata walipanda tena. Hatujui huduma nyingine ya leo iliyotoa risiti kama hiyo.

Kushuka ndiko kunakouma. Injini huwaka dakika nne na ushei kupunguza mwendo, vyumba vitatu vinaachana, kisha kapsuli inaingia hewani. Kawaida mwili unahisi uzito wake mara nne hivi. Vyumba visipoachana kwa wakati, kapsuli hushuka wima zaidi, na uzito hupanda mara nane au zaidi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Soyuz TMA-11, Aprili 2008, iliyotua zaidi ya kilomita 400 kutoka ilipotarajiwa. Parachuti kubwa, eneo lake mita za mraba 1,000, haitoshi peke yake. Viti huinuka vyenyewe kuandaa kishindo, na chini ya mita moja kutoka ardhini injini sita za baruti huwaka kwa mkupuo. Abiria huambiwa wafunge mdomo na wasizungumze sekunde hizo, ulimi usije ukakatwa na meno.

Bei ni kasoro. Kiti cha mwisho ambacho NASA ilinunua moja kwa moja kabla ya Dragon kuanza zamu kiligharimu dola milioni 90 hivi, ilhali mkaguzi wa NASA alikadiria kile cha Dragon kuwa dola milioni 55. Dragon inachukua wanne, ina nafasi ya kunyoosha miguu na inatua baharini. Udhaifu wake ni magati: upande wa Marekani yapo mawili tu ya aina yake. Starliner ilipokwama kwenye mojawapo mwaka 2024, injini zikisumbua na heliamu ikivuja, abiria wake Butch Wilmore na Suni Williams walikaa kwa muda wakitegemea nafasi ya dharura sehemu ya mizigo ya Dragon ya watu wengine. Crew-9, Dragon ya zamu iliyofuata, ilikuja Septemba na viti viwili vitupu kwa ajili yao, nao wakarudi Machi 2025. Wachina nao walionja Novemba 2025: dirisha la Shenzhou-20 lilipata ufa, zamu iliyomaliza kazi ikarudi na Shenzhou-21, na Shenzhou-22 ikapelekwa tupu ili waliobaki wawe na chombo.

Kasoro nyingine ya Soyuz iko chini: watu huruka kutoka pedi moja tu ya kurushia, namba 31 ya Baikonur huko Kazakhstan, na hapo hapo jukwaa la huduma liliporomoka baada ya MS-28 kuruka Novemba 2025. Kwa kiti tunaipa nyota tano, kwa shehena nyota mbili, kwa bei nyota mbili, na kwa pedi nyota moja.

Kwa walioko Malindi, kufuatilia ni rahisi kuliko kwingi. Ratiba za Soyuz hutolewa kwa saa za Moscow, nazo ni sawa na zetu, hakuna kujumlisha wala kutoa. Wachina pia wamekuwa na kituo chao Malindi cha kufuatilia Shenzhou. Na wanaouliza mbona Ngomeni hairushi watu, wakumbuke majukwaa yale ya baharini yalijengewa Scout, roketi ndogo ya kubeba setilaiti kama Uhuru ya tarehe 12 Desemba 1970. Soyuz ni tani saba.

Kuona kwa macho, tafuta jioni ambayo kituo kinapita kati ya Maghrib na Isha. Huku karibu na ikweta jua huzama moja kwa moja, na baada ya Isha kituo huingia kivulini kabla hakijafika juu ya kichwa. Hupita kwa dakika sita hivi, kikiwaka bila kumeta. Ikiwa chombo kinakaribia kutia gati au kimetoka muda mfupi uliopita, huonekana nukta ya pili, hafifu, ikifuatana nacho. Ukiona taa nyekundu inamwekamweka, hiyo ni ndege.