Bodi za dari za jipsamu na katani, Nkuhungu: nyuzi safi, kingo bado

Bodi za dari zinazomiminwa kwenye karakana moja ya Nkuhungu, Dodoma, zina kitu ambacho nyingi za mjini zinakosa: katani iliyochambuliwa vizuri. Vunja kipande uone. Nyuzi zinakatika zikiwa zimeng'ang'aniwa na jipsamu, hazichomoki zikiwa safi. Zinazochomoka ni zile zilizotupwa kwa mafungu, uji wa jipsamu haukupenya katikati.

Meza ya kioo hupakwa mafuta kidogo. Unga wa jipsamu kilo 10 hunyunyizwa kwenye maji lita 6 na nusu. Ukimwagia maji juu ya unga, madonge hayaishi. Hutandazwa tabaka la milimita 4, kisha katani kwa kukingamana, gramu 200 hivi kwa bodi ya sentimita 60 kwa 120, ishindiliwe kwa vidole mpaka ilowe, halafu tabaka la pili. Yote ndani ya dakika 10. Uji ukianza kuganda, hapa wanaumwaga, na kwa hilo wanastahili sifa. Wanaouongezea maji ili wasipate hasara hukuuzia bodi inayotoa unga ukiipitishia kidole.

Kasoro iko kwenye kingo. Katani inaishia sentimita 3 kabla ya ukingo, kwa hiyo pembe zinamegeka hata kwenye guta. Nyuzi ziachwe zitokeze nje ya kalibu, zikunjwe ndani, ndipo tabaka la pili lizifunike.

Halafu wanaanika bodi zikiwa zimelala juani! Jua la Dodoma hukausha uso wa juu kwanza, bodi ikapinda. Zisimamishwe kivulini, upepo upite pande zote mbili. Kabla ya kulipa, laza rula ya mita moja juu yake. Pengo likizidi milimita 3, iache.

Fungia kwa skrubu zenye zinki. Msumari wa kawaida hushika kutu, doa likatokeza kwenye rangi. Bafuni usiziweke: jipsamu ikinywa maji hulegea, na katani yenyewe huoza. Saruji nayo si suluhisho, kwani ukali wake hula nyuzi polepole. Jipsamu kavu haina ukali huo.

Bei yao tunaiona ya haki kwa vyumba na sebule. Itigi kuna jipsamu, Kilosa kuna katani, na reli ya Kati inapita kote kuwili. Inauma kuona kazi hii ikiharibikia kwenye ukingo wa sentimita 3.