Kumbeba mtoto mdogo kwa baiskeli: kiti kipi kinunuliwe, kipi kiachwe

Msimu wa korosho ukianza mwezi Oktoba na malipo yakaanza kuingia, baiskeli nyingi hununuliwa Masasi, Newala, Tandahimba na Mtama. Mnunuzi hukagua fremu, akazungusha pedeli, akabonyeza matairi, akauliza stendi. Kiti cha mtoto hakiulizwi. Ila baiskeli hiyohiyo, haupiti muda, ndiyo itakayompeleka mtoto kliniki, chekechea na kwa bibi yake. Na wengi wetu jibu letu huwa ni keria tupu, bomba la fremu, au mama akae ubavu nyuma ya baba huku amempakata mtoto.

Nimezipanga njia za kumbeba mtoto kuanzia ile ambayo ningeitolea hela kwanza. Kipimo changu kikuu ni miguu ya mtoto, bei na starehe vinafuata. Mtoto aliyekaa kwenye keria miguu yake huning'inia sawasawa na spoki za gurudumu la nyuma. Akisinzia, au baiskeli ikiyumba kwenye mchanga akajibana, kisigino huingia kati ya spoki. Gurudumu halisimami hapohapo, linauvuta mguu mpaka unabanwa kwenye vyuma vya fremu vinavyoshikilia ekseli. Ngozi ya kisigino hukwanguliwa, mshipa mnene wa nyuma yake unaweza kukatika, na mfupa wa kifundo kuvunjika. Jeraha hili linajulikana sana hospitalini, na wengi wanaolipata ni watoto waliopakiwa nyuma bila kinga ya miguu. Ni ajali ambayo kipande cha bati au plastiki kinaweza kuizuia, ndiyo maana inaniuma.

Kabla ya kiti, umri. Mtoto awe anakaa mwenyewe bila kuegemezwa na shingo imekaza. Viti vya kiwandani vingi huruhusu kuanzia miezi 9, lakini madaktari wa watoto wa Marekani hushauri mtoto asipandishwe baiskeli kabla ya kutimiza mwaka 1. Mimi nashika ushauri wa hao madaktari, kwa sababu njia zetu zina mashimo na mizizi, na kila mtikisiko unaishia kwenye shingo ya mtoto. Aliye chini ya mwaka abebwe kwa mbeleko na mama atembee, au wapande bajaji au daladala. Kumfunga mbeleko mgongoni kisha ukaendesha baiskeli hakumlindi. Ukianguka chali, wewe ndiye unayemwangukia, na hata usipoanguka uzito wake uko juu, kwa hiyo baiskeli inayumba zaidi.

Nafasi ya kwanza: kiti cha nyuma cha plastiki cha kiwandani

Kinachofaa kina mgongo mrefu unaofika kichwani, kingo za pembeni, mikanda ya mabegani inayoshuka hadi katikati ya mapaja, na vikombe viwili vya miguu vyenye ukuta upande wa gurudumu na mkanda mdogo juu ya kila mguu. Kwa kiwango cha Ulaya, EN 14344, viti vya nyuma hubeba mtoto asiyezidi kilo 22. Huku kwetu vingi vinakuja na baiskeli za mtumba kutoka Japani, na mara nyingi itabidi uagize Dar es Salaam, kikapakiwe kwenye basi. Kabla hujaagiza, pima upana wa keria yako na unene wa bomba la fremu chini ya siti, umtumie muuzaji. Viti hivi vina namna mbili za kufungwa, kwenye keria au kwenye bomba, na kisichoendana na baiskeli yako hakitakaa imara hata ukifunge kwa waya.

Cha mtumba kikague juani. Plastiki iliyokaa nje miaka mingi hupauka na kukauka. Bonyeza ukingo kwa dole gumba. Ukiona mistari myeupe inajitokeza, au ukisikia mlio mkavu, kirudishe. Angalia tundu za boti, nyufa huanzia hapo. Funga na fungua mikanda mara kadhaa, kisha ivute kwa nguvu. Kikikosa vikombe vya miguu usikinunue, hata kama muuzaji anakupunguzia.

Nafasi ya pili: kiti cha chuma cha kuchomelea

Hiki ndicho wengi wetu tutakachokipata, na kikitengenezwa vizuri ninakiamini kuliko plastiki iliyochoka. Mafundi wa kuchomelea wapo Mtwara mjini, Lindi, Mingoyo, Ndanda, kila penye umeme. Ila fundi asiyeelekezwa atakutengenezea kikapu cha mizigo chenye mgongo. Kwa hiyo nenda na baiskeli na umpeleke na mtoto mwenyewe.

Mketishe mtoto juu ya keria huku umemshika, fundi apime kutoka chini ya goti hadi kwenye nyayo, aongeze vidole vinne kwa ajili ya kukua. Hapo ndipo sahani ya kukanyagia itakapokaa. Kati ya sahani na gurudumu paweko bati zima, lisilo na tundu la kupitisha kidole cha mguu, linaloanzia kwenye kikalio hadi chini ya nyayo na kurudi nyuma kuliko kisigino kinavyoweza kufika. Mwambie hivi: "Fundi, nataka mguu wa mtoto usifike kwenye spoki hata nikiulazimisha." Kazi ikiisha, jaribu kweli kuulazimisha, kwa mkono wako.

Mgongo upite mabega, ukifika kisogoni ni bora, maana watoto husinzia njiani. Pembeni paweko vyuma vinavyofika kwapani. Mbele ya mtoto, nyuma ya siti ya dereva, weka chuma cha kushikilia kilichovikwa mpira, lakini kisihesabiwe kuwa mkanda. Springi za siti ya dereva zifunikwe kwa turubai au ngozi. Siti za baiskeli kama Phoenix zina springi kubwa zilizo wazi, na vidole vya mtoto huenda palepale.

Kisha mkanda. Nimeona watoto wamefungwa tumboni kwa mpira wa tyubu, ule tunaofungia magunia. Mpira unanyooka baiskeli inapotikisika, mtoto anateleza chini yake, na ukianguka hakuna namna ya kuufungua haraka. Ulizia gereji mkanda wa gari uliokatwa kutoka gari bovu, wenye kifungio kinachobonyezwa, usio na uzi uliochanika. Fundi viatu anaushona vizuri: sehemu mbili zipite mabegani, moja ipite katikati ya miguu, zote zikutane kifuani. Ile ya katikati ya miguu ndiyo inayozuia mtoto asichuruzike.

Kiti kifungwe kwenye keria kwa boti za U zenye nati na washa za springi, zisipungue nne, na keria yenyewe ikazwe kwenye fremu. Ukiona keria inacheza ukiisukuma kwa mkono, tatizo hilo limalizwe kwanza. Uzito wa mtoto uwe mbele ya ekseli ya gurudumu la nyuma au juu yake. Ukirudi nyuma zaidi, usukani unakuwa mwepesi na baiskeli inainuka mbele kwenye vilima kama vya kupanda Newala.

Pitisha kiganja kila mahali kabla ya kulipa. Mabaki ya kuchomelea hukata kama wembe, yasagwe yote. Kipakwe rangi ya kuzuia kutu, hasa kwa sisi tuliopo pwani, Mikindani, Lindi mjini, Kilwa, ambako hewa ya chumvi hula chuma kuanzia kwenye maungio. Na usisahau jua. Chuma kilichoachwa nje adhuhuri kinaunguza mapaja ya mtoto. Mto wa sponji uliovikwa kitambaa kizito, au kipande cha mkeka wa ukindu, unatosha.

Nafasi ya tatu: kiti kidogo cha mbele

Kinakaa kati ya usukani na dereva, kwa mtoto wa kilo 9 hadi 15. Faida yake unamwona na kumsikia mtoto. Ila baiskeli nyingi za kwetu zina breki za vyuma vinavyopita mbele ya usukani, na kiti kinachoning'inizwa hapo kinaweza kuzuia breki isivute. Baiskeli ya breki za waya inakifaa zaidi. Hapa pia vikombe vya miguu ni lazima, kwa sababu gurudumu la mbele nalo lina spoki.

Nafasi ya nne: keria yenye mto, kwa mtoto mkubwa tu

Mtoto wa darasa la kwanza na kuendelea, anayeweza kushika na kufuata maelekezo, anaweza kukaa kwenye keria yenye mto, mradi uongeze vikanyagio viwili vya chuma kwenye ekseli na kinga ya spoki pande zote mbili. Kinga hiyo haihitaji hela nyingi. Kata pande bapa za dumu la lita 20, zifungwe kwa waya kwenye miguu ya keria na madigadi, zisiguse gurudumu. Hata kama hununui kitu kingine chochote mwaka huu, hii ifanye wiki hii.

Mama kukaa nyuma amempakata mtoto sikuweka kwenye orodha, kwa kuwa si kitu cha kununua. Najua familia nyingi hazina njia nyingine. Basi mtoto awe ametimiza mwaka, kanga na baibui vikunjwe visifike kwenye gurudumu, na mama ashuke kila penye mteremko na mchanga mwingi.

Visivyofaa

Bomba la juu la fremu halina pa kuegemea wala pa kuweka miguu, na ukifunga breki ghafla mtoto anatangulia kwenye usukani. Kigari cha kuvutwa nyuma, kile cha magurudumu mawili, ni kizuri katika nchi zenye njia za baiskeli. Kwenye barabara ya Mtwara kwenda Mingoyo, yenye malori na mabasi, kiko chini mno kuonekana, na kwenye vijia vya mchanga kinazama. Hela yake iweke kwenye kiti kizuri na kofia.

Kofia iwe ya baiskeli, ya saizi ya mtoto. Ya pikipiki ni nzito kwa shingo yake. Ikae bapa, vidole viwili juu ya nyusi, mkanda wa kidevu uruhusu kidole kimoja. Iliyowahi kugonga chini kwa nguvu usiinunue hata ikionekana nzima, kwa sababu povu la ndani likishabonyea halilindi tena.

Ukipata kiti, kumbuka watoto wengi huanguka baiskeli ikiwa imesimama. Usimwache kwenye kiti baiskeli ikiwa kwenye stendi, hata ile ya miguu miwili, hata kwa kununua vocha tu. Mpandishe na umshushe upande wa kushoto, mbali na magari. Na ikitokea mguu umenasa, usizungushe gurudumu wala usiuvute. Kata spoki kwa koleo, osha jeraha kwa maji safi, funga kitambaa safi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Jeraha hili hudanganya. Ngozi inayoonekana nzima leo inaweza kufa baada ya siku kadhaa, na mfupa uliopasuka hauonekani kwa macho.

Safari ya kwanza asiende mtoto. Jaza kiroba mchanga wa kilo 15, kikalishe kwenye kiti, kifunge mikanda yote, uzunguke nacho mtaani: penye lami, penye mchanga, kwenye mteremko, ufunge breki kwa nguvu. Breki zikichelewa, badilisha raba zake kabla ya mvua za Desemba. Ukirudi, angalia kama kiroba kimehama, kisha kaza nati zote upya.