Kununua mwanasesere shujaa Mombasa: anza na magoti, uso baadaye

Nikifika soko la Kongowea asubuhi, kabla jua halijachoma, mimi huanza na miguu. Mwanasesere akiwa amelala juu ya turubai, katikati ya magari yasiyo na magurudumu na dubu wa manyoya, namwinua, namkunja goti, kisha kiwiko, kisha namzungusha kifundo cha mkono. Uso nautazama mwisho.

Wengi wanaoniuliza ninunue yupi huanzia kwenye uso. Nami huwauliza: shujaa wako alifanya nini? Rubani sharti aweze kuketi. Mpiga mishale sharti aweze kuvuta upinde. Mwanamke aliyesimama mbele ya afisa wa Kiingereza akiwa na kuku mkononi sharti mikono yake ikunjike. Mwanasesere aliyekakamaa kama mpini wa ufagio utamvisha joho la malkia na bado hatakuonyesha ushujaa wowote. Ndiyo maana nimewapanga hapa kwa viungo kwanza, halafu nywele, halafu jinsi wanavyostahimili hewa yetu ya pwani, ambayo huharibu vitu vya plastiki kwa njia ambazo wakusanyaji wa nchi za baridi hawazijui.

Nambari 1: Barbie wa Made to Move, umvishe mwenyewe

Huyu ana viungo 22. Shingo, kifua, mabega, viwiko, vifundo vya mikono, nyonga, magoti, vifundo vya miguu, vyote vinazunguka au kukunjika. Anachutama, anapiga magoti, anakaa kitako kama mama anayekuna nazi kwenye mbuzi. Kiwandani humvisha nguo za mazoezi, kwa hiyo si shujaa wa mtu yeyote mpaka wewe umfanye.

Wangu ni Mekatilili wa Menza. Nilimkuta Kongowea akiwa hana nguo, mweusi, nywele zimesokotana, kwa shilingi 250. Mama muuzaji alishangaa nikimkunja magoti mara tatu nne. "Dadangu, wamkagua kama mbuzi wa Idi," akaniambia. Nikamchukua nyumbani Tudor, nikamwosha, kisha nikanunua robo yadi ya bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, Biashara Street na kumpelekea fundi anayekaa na cherehani barazani Bondeni. Nilimwomba anishonee hando, ile sketi nyeupe ya kina mama wa Kimijikenda yenye mikunjo mingi inayotanuka nyongani. Mara ya kwanza alikunja mikunjo ya upana wa kidole, na hando likasimama kama mwavuli uliogeuzwa. Mara ya pili akakunja mikunjo ya upana wa punje ya mchele, akaishika kwa sindano ya mkono moja baada ya nyingine, na lilipomvaa mwanasesere likamwangukia vizuri, likawa linacheza akigeuzwa kiuno. Yule fundi mwenyewe akamshika, akamchezesha kidogo, akacheka kwa furaha.

Mwaka 1913 Mekatilili aliwakusanya Wagiriama kwa ngoma ya kifudu, akawaapisha wasikubali kodi wala vijana wao kuchukuliwa na Waingereza. Inasimuliwa kwamba alimwendea afisa Arthur Champion na kuku mwenye vifaranga, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja, na kuku akamdonoa. Wangu amekunja mkono wa kushoto, kuku wa udongo yuko juu yake, mkono wa kulia umenyooka mbele. Kwa mwili wa Barbie wa kawaida, ambaye mikono yake haikunji kiwiko, kuku angebaki akining'inia begani.

Kasoro yake ni moja: ukimpata mtumba, viungo vinaweza kuwa vimelegea, akisimama anajikunja polepole kama mtu anayesinzia. Mshike kiunoni, mtikise. Mguu ukiyumba kama kengele, mwache.

Nambari 2: Wanasesere wa DC Super Hero Girls

Hawa ni wasichana mashujaa wa hadithi za katuni za DC, na Mattel, kampuni ile ile ya Barbie, iliwaleta madukani mwaka 2016. Wonder Woman, Supergirl, Batgirl, Bumblebee, Harley Quinn, Poison Ivy. Wana urefu wa inchi 12, nusu inchi zaidi ya Barbie, na miili yao imejaa mapaja na mabega, jambo ninalolipenda sana kwa sababu unaona kabisa kwamba msichana huyu anaweza kuinua kitu. Wale wa toleo kamili viwiko na magoti vinakunjika. Wapo pia wa bei nafuu waliokakamaa, ndiyo sababu nasema kunja kabla hujalipa.

Hawa ndio ninaowapendekeza kwa mtoto. Sehemu kubwa ya vazi imechorwa au kufinyangwa mwilini, kwa hiyo vitu vidogo vya kupotelea chini ya kiti cha matatu ni vichache. Mpwa wangu wa miaka saba ana Bumblebee, amempeleka Likoni kwenye feri na kumrudisha zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu, na bado anasimama. Kwa mkusanyaji kuna tatizo dogo: kichwa ni kikubwa, na nguo za Barbie hazimkai. Ukitaka kumbadilisha mavazi, fundi atahitaji kipimo kipya.

Siku hizi madukani ni wachache, lakini kwenye marobota ya mitumba bado wanatoka. Uliza muuzaji kama ana "kamera", yaani vitu vya daraja la kwanza alivyovitenga kabla ya kumwaga robota. Fagia, yale mabaki ya mwisho, huwa yamejaa vichwa bila miili.

Nambari 3: Barbie wa Inspiring Women

Huu ni mfululizo wa wanawake wa kweli, ulioanza 2018 kwa rubani Amelia Earhart, mchoraji Frida Kahlo wa Mexico na mwanahisabati Katherine Johnson. Baadaye wakaja Rosa Parks, Sally Ride, Maya Angelou, Ida B. Wells, Bessie Coleman na wengineo. Hapa unalipia uso, mavazi na historia. Miwani ya Katherine Johnson pekee, pamoja na kitambulisho chake cha NASA, shirika la anga la Marekani, inatosha kumfanya msichana aulize huyu ni nani. Ndipo unamwambia kwamba alikagua hesabu za safari ya mwanaanga John Glenn kuzunguka dunia mwaka 1962.

Nikishauri mmoja kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, ni Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, wa 2022. Anakuja na darubini, daftari, na sokwe mdogo David Greybeard, na ametengenezwa kwa plastiki iliyotumika tena. Goodall alifika Gombe, nchini Tanzania, mwaka 1960. Hii ni hadithi ya kando ya Ziwa Tanganyika, tunaweza kumwonyesha mtoto kwenye ramani ya shule.

Frida alizua maneno. Jamaa zake walilalamika, mahakama ya Mexico ikazuia kwa muda asiuzwe nchini humo, na watu wengi wakasema nyusi zake zimepunguzwa na ngozi imepaushwa. Mimi nakubaliana nao. Mwanamke aliyejichora mwenyewe na nyusi zilizokutana, ukimchonga bila kuzikutanisha sawasawa umempunguza.

Kwa nini basi wako nambari 3? Kwa sababu ni wa kutazamwa kuliko kushikwa, na kwa sababu hapa Mombasa mara nyingi utaagiza kutoka nje. Hesabu bei ya mwanasesere, nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 kabla hujabonyeza kitufe cha kulipa. Kama una ndugu anakuja likizo kutoka Uingereza au Marekani, mwombe kwa heshima amtie kwenye begi. Sanduku lake ni kubwa kuliko unavyodhani, kwa hiyo mwambie mapema.

Nambari 4 na 5

Wa nne ni wale wa Star Wars Forces of Destiny, mashujaa wa kike wa sinema na katuni za Star Wars, waliotengenezwa na kampuni ya Hasbro mwaka 2017: Rey, Leia, Jyn Erso, Sabine Wren. Inchi 11, viungo vingi, wanashika silaha vizuri. Hawajulikani sana huku, na kwa hiyo sokoni wanauzwa kwa bei ya chini. Ukimwona Rey, mchukue.

Wa tano ni Moana, Mulan na Merida wa filamu za katuni za Disney. Nawapenda kwa hadithi zao. Moana anayesoma nyota na mawimbi anaeleweka mara moja na mtoto aliyeona ngalawa zikirudi alfajiri. Lakini wengi wa bei nafuu wana mikono na miguu isiyokunja, na Merida asiyeweza kuvuta upinde ananihuzunisha. Hasbro iliwatengeneza kuanzia 2016, kisha kazi hiyo ikarudi kwa Mattel mwaka 2023. Ukipata wale waliouzwa kwenye maduka ya Disney yenyewe, ambao viwiko na magoti vinakunjika, wapandishe mpaka nafasi ya tatu.

Nje ya orodha kuna Queens of Africa, walioanzishwa na Taofick Okoya huko Nigeria mwaka 2007: Nneka, Wuraola na Azeezah, Mwigbo, Myoruba na Mhausa. Mwenye mtu anayesafiri kwenda Lagos amtume.

Wale wa barabarani

Karibu na Marikiti na Mwembe Tayari utaona wanasesere ndani ya mfuko wa nailoni, wamevaa joho la Wonder Woman na jina lililoandikwa kwa herufi zisizo sawa. Bonyeza paja. Likibonyea kama chupa ya maji, ni tupu ndani. Gawa nywele katikati: feki huwa zimeshonwa ukingoni tu, katikati kuna upara. Sisemi usimnunulie mtoto anayelia. Nasema usimlipie bei ya Mattel.

Kuhusu mwaka ulioandikwa mgongoni. Muuzaji mmoja aliwahi kunitaka shilingi 3,000 kwa Barbie mchakavu. "Mama, hii ni ya kitambo, soma mwenyewe, 1966." Ni kweli imeandikwa 1966, lakini huo ni mwaka wa hakimiliki ya muundo wa mwili, na Mattel iliendelea kuupiga chapa huo mgongoni mpaka miaka ya 1990. Soma jina la nchi lililo chini yake. Barbie alizaliwa 1959, na wa miaka ile ya mwanzo walitengenezwa Japani. Wa kwangu alikuwa ameandikwa Indonesia. Nilimwonyesha muuzaji, tukamaliza kwa 200.

Nywele na hewa ya pwani

Shika nywele kati ya vidole. Zile nzuri ni nzito na zinateleza. Ukizimwagia maji ya moto, si ya kuchemka kabisa, zinarudi chini kama mpya. Zile za polipropilini, aina ya plastiki, ni kavu kama usumba, zinavimba, na hakuna mafuta yatakayozirudisha. Kwa bei sawa, mwenye nywele nzuri na nguo mbovu ni bora, kwa kuwa nguo hushonwa.

Kwenye joto letu gundi iliyo ndani ya kichwa huvuja na kunatisha nywele. Nyunyiza unga wa mahindi laini au poda ya mtoto, uache usiku mmoja, chana, rudia. Miguu ya plastiki laini nayo hutoa jasho linalonata, hasa kwenye kabati lisilo na hewa. Usimfunge ndani ya nailoni. Wenye hereni za chuma, zitoe: shaba ikishika kutu huacha alama ya kijani sikioni ambayo ni ngumu sana kuondoka.

Na jihadhari na leso mpya, yaani kanga. Nilimfunga Wonder Woman wangu kipande cha leso nyekundu, nikamwacha msimu wote wa masika. Nilipomfungua, mapaja yalikuwa na maua ya rangi ya waridi, umbo kamili la pindo. Nilinunua dawa ya chunusi yenye benzoyl peroxide, nikampaka pale tu penye doa, nikamweka dirishani juani na kumfunika sehemu nyingine kwa kitambaa, kwa sababu dawa hiyo hupausha rangi ya nguo na ya uso pia. Siku ya tano ua la mwisho likatoweka. Tangu hapo kila leso naifua kwa maji ya chumvi mara tatu kabla haijamgusa mwanasesere, na ndani ninamvisha kishimizi cha bafta nyeupe, kile kile kilichobaki kwenye hando la Mekatilili.