Tathmini yangu: mtunza bustani aliyehamisha mimea yetu Januari, Leicester hadi Nottingham

Tangu tuhamie Nottingham, kila mgeni anayezunguka nyuma ya nyumba ananiuliza mimea iliyokomaa namna ile nimeitoa wapi, na nyumba yenyewe bado mpya kwetu. Imetoka kwenye bustani yetu ya zamani, Leicester. Iling'olewa katikati ya Januari ya mwaka juzi, na aliyeing'oa ni mama mmoja mtunza bustani anayefanya kazi na mpwa wake. Wana gari moja la mizigo, na namba yao watu hupeana mdomoni. Jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe hataki kutangazwa. Kazi alizonazo zinamtosha. Nawapa nyota nne kati ya tano, na nitaeleza kwa kirefu ili ndugu zangu mlioko huku Uingereza muwe na kipimo cha kumpimia yeyote mtakayempata.

Kwanza hili la baridi, maana mama mkwe aliponipigia kutoka Kibosho na kusikia tunang'oa maua kwenye baridi ile, alidhani tumechanganyikiwa. Kwetu chipukizi la mgomba huhamishwa mvua zikikaribia, ili likute maji na joto lianze kukua papo hapo. Huku hesabu ni nyingine. Hosta, floksi, peoni na hemerokalisi, maua ya bustani za huku yanayoota upya kila mwaka kutoka mizizini, hukausha majani baridi ikianza, na akiba ya chakula inakuwa imeshuka mizizini. Mmea usio na majani haupotezi maji hewani, kwa hiyo hata ukikatiwa sehemu ya mizizi haunyauki. Kuanzia Novemba hadi Machi unaweza kuuchimba, ukausafirisha na kuupanda kwingine, ilimradi udongo haujaganda na haujajaa maji.

Nilipompigia mara ya kwanza, mwezi wa Septemba, sikuulizwa mimea ni mingapi wala niko tayari kulipa kiasi gani. Aliuliza kama nimeshaandika kwenye fomu TA10. Ndiyo ile fomu ambayo muuzaji wa nyumba hujaza kuonyesha anachoacha na anachoondoka nacho, na ina sehemu ya vitu vya nje, mimea ikiwemo. Hapa England na Wales mmea uliopandwa ardhini kwa kawaida huhesabiwa kuwa sehemu ya mali inayouzwa, mpaka uwe umeutenga kwa maandishi. Wa kwenye chungu ni wako kama kiti. Aliniambia hachimbi hata mzizi mmoja kabla sijamwonyesha kwamba wakili wangu na wa mnunuzi wamekubaliana. Nikaorodhesha kila mche, mnunuzi akakubali bila shida. Kuna watu wameburuzwa kwenye barua za mawakili kwa waridi moja tu, kwa hiyo swali lile peke yake lilinifanya nimwamini.

Wiki iliyofuata alikuja kutazama, wakati majani bado yapo. Hili nalisisitiza. Januari kitanda cha maua ni udongo mtupu na vijiti vikavu. Hosta inapotea kabisa, huoni hata alama. Alizunguka na vibao vya mti, akachomeka kimoja pembeni ya kila mmea, akaandika jina na upande unaotazama jua. Mpwa wake akapiga picha kila kona.

Kisha akaanza kukataa. Mafundi wengi huku ukiwaonyesha kitu cha kuchimba wanakuandikia bei tu. Huyu alipofika kwenye Kniphofia yangu akatikisa kichwa, akasema hii haigawanywi Januari. Ninayo ile iitwayo Kniphofia thomsonii, yenye maua ya rangi ya chungwa, ambayo huota yenyewe kwenye nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Imepewa jina la Joseph Thomson, Mskoti aliyevuka nchi ya Wamasai mwaka 1883 na 1884. Naipenda kuliko mimea yangu yote, na ndiyo niliyotaka igawanywe vipande vitatu. Akaeleza kwamba mmea huu hausinzii kikamilifu wakati wa baridi kama hosta, na kidonda kibichi kikikaa kwenye udongo baridi wenye maji kinaoza. Vivyo hivyo kwa Miscanthus, yale majani marefu kama matete: mizizi yake haiamki mpaka udongo upate joto. Kwa kuwa nyumba ilikuwa inauzwa na kuiacha haiwezekani, akashauri vyote viwili vichimbwe vizima na donge kubwa la udongo, viingie kwenye vyungu, vikae kibandani pasipo mvua hadi Aprili. Kugawa tungegawa wakati huo. Nilibisha, hakulegea, na alikuwa sahihi.

Siku ya kazi yenyewe iliahirishwa, maana usiku ule uliganda na asubuhi ardhi ilikuwa ngumu juu. Baba watoto alikasirika kwa sababu alikuwa ameomba ruhusa kazini. Lakini udongo wa mfinyanzi wa Leicester ukiganda, uma haupenyi, na mizizi ikifunuliwa kwenye baridi ya kuganda inakufa. Walirudi baridi ilipolegea.

Peoni ndiyo iliyonifunza kwa nini mtu alipwe kwa kazi hii. Ilikuwepo kabla yetu, labda kabla hata ya waliotutangulia. Hakuigusa kwa sepeto. Alichukua uma wa meno manne, akaanza mbali, kama urefu wa mkono kutoka kwenye shina, akazunguka akiinua kidogo kidogo kila upande mpaka udongo wote ukapasuka kwa pamoja. Mizizi ya peoni ni minene, ya kahawia, inavunjika kirahisi sana. Mpwa akapiga magoti upande wa pili, wakaingiza gunia chini na kulivuta kama mnavyomvuta mgonjwa kwenye shuka. Juu ya donge yalionekana macho, yaani machipukizi, mekundu, manene, yakisubiri. Akayahesabu kwa kidole bila kuyagusa, akalowesha gunia lingine na kufunika.

Kwenye floksi kazi ilikwenda taratibu zaidi. Katikati ya mizizi yake kulikuwa na nyuzi nyeupe, nono, zinazokatika kwa mlio: mizizi ya lile gugu linalojisokota kwenye mimea ya wenzake na kutoa maua meupe. Kipande kidogo kikibaki kinaota upya. Alilaza floksi kwenye toroli, akaiosha udongo wote kwa mpira wa maji, kwenye baridi ile, akachambua uzi mmoja mmoja. Alisema hatapeleka gugu kwenye nyumba mpya ya mteja hata akilipwa mara mbili. Vidole vyake vilikuwa vimebadilika rangi. Nilimletea chai ya tangawizi, akainywa amesimama, akaendelea.

Rubabi (rhubarb, ile ambayo vikonyo vya majani yake hupikwa) ndiyo pekee aliyoikata siku ile, kwa sababu yenyewe hugawanywa wakati wa baridi. Alishusha sepeto kali katikati, akahakikisha kila kipande kina jicho, akanipa onyo nisivune mwaka wa kwanza.

Nottingham tulikokwenda udongo ni kichanga. Maji yanapita mara moja, tofauti kabisa na tulikotoka, kwa hiyo alichanganya mboji nyingi kwenye mashimo. Kwa peoni alilaza fimbo iliyonyooka juu ya shimo kutoka ukingo hadi ukingo, akapima macho yasishuke zaidi ya sentimita 5 chini ya usawa wa fimbo. Ikizama zaidi ya hapo utapata majani kila mwaka bila ua. Akakanyaga taratibu, akamwagilia kila mmea, Januari hiyo hiyo, ili udongo uingie katikati ya mizizi na kusibaki mapango ya hewa. Matandazo akayaweka kuzunguka, si juu ya kichwa cha mche. Akaniagiza nikague kila baada ya jalidi, kwa sababu ardhi ikiganda na kuyeyuka husukuma juu mimea iliyopandwa karibuni. Nikiona imeinuka niirudishe kwa kiganja cha mkono.

Sasa nyota iliyobaki. Vibao vyake aliandika kwa kalamu isiyohimili mvua. Kufikia Januari nusu ya maandishi yalikuwa yamefutika, tukalazimika kusimama kwenye baridi tukilinganisha picha za simu, na muda huo ulilipiwa na mimi kwa sababu anatoza kwa saa. Hemerokalisi mbili zikachanganywa: ya njano iko nilipotaka nyekundu. Na hatoi dhamana yoyote ya maandishi. Nilipouliza, alijibu kwamba atapita kuangalia mwezi wa Mei, na kweli alipita, ila mtu anayelipa pesa nyingi hivyo anastahili karatasi.

Bei: nililipa pauni 620 kwa jumla, pamoja na ile ziara ya Septemba, safari na mboji. Ni nyingi. Mche mchanga wa peoni dukani hauzidi sana pauni 20, na baba watoto alilisema hilo zaidi ya mara moja. Jibu langu ni kwamba mche mchanga unausubiri miaka kabla haujajaa maua, na Kniphofia ile huikuti kwenye kila duka. Kama una hosta tatu tu na rafiki mwenye gari, chimba mwenyewe. Ukiwa na mimea mikubwa, iliyozeeka, ya aina mbalimbali, hapo ndipo namwona anastahili malipo yake.

Masika ya kwanza hosta zilitoka zote, na makoa yakazifuata huku huku Nottingham. Floksi zilichanua Julai, na mpaka leo sijaliona lile gugu. Miscanthus na Kniphofia tuligawa Aprili kama alivyotaka, na vipande vyote vimeshika. Peoni ilitoa majani tu. Alikuwa ameshanitahadharisha kwamba mwaka mmoja au miwili inaweza kususa. Mwaka huu imetoa maua manne, ya waridi iliyokolea.

Mkimpata mtu wa namna hii, mpigieni Septemba, majani yakiwa bado yapo juu ya ardhi, na kalamu isiyofutika mnunue wenyewe.