AC ya W123 haipulizi? Nunua hivi kwanza, gesi baadaye

Wadau wenye Benz za zamani, hasa W123 hizi za 1976 mpaka 1985, najua foleni ya Dar ya mwezi wa pili mnaipigia vioo chini. Na kila ukienda kwa fundi jibu ni lile lile, "gesi imeisha bosi". Mimi nimejaziwa gesi mara tatu ndani ya mwaka mmoja ndo nikashtuka kwamba baridi ilikuwepo siku zote, upepo ndo haukuwepo.

Kabla hujatoa hela washa feni mpaka mwisho, weka mkono kwenye matundu ya katikati. Kama hewa ni ya baridi ila inatoka kama pumzi ya mtu aliyelala, endelea kusoma. Kama inakuja nyingi ila ya moto, ruka mpaka chini.

Namba moja kwangu ni kusafisha evaporeta (ile redieta ndogo ndani ya dashibodi inayopoza hewa) na kubadili sponji, na wala sio bei kubwa. Gari hizi hazina filta ya hewa ya ndani, kwa hiyo miaka 40 ya vumbi na majani yote yameenda kulala kwenye evaporeta yamekuwa blanketi, upepo utapita wapi? Afu kuna sponji zinazoziba kingo za vile vimilango vya hewa, zikizeeka zinakuwa unga (ukiona vipunje vyeusi vinakurukia usoni ukiwasha feni ndo zenyewe hizo) na upepo unavujia nyuma ya dashibodi. Sponji nunua ya kugundisha isiyonyonya maji. Kazi yenyewe ni ya kuchosha, fundi atakukwepa, mng'ang'anie.

Namba mbili, umeme. Pima volti kwenye plagi ya mota inayozungusha feni, feni ikiwa juu kabisa: yangu betri ilisoma 13.8, mota inapata 11 na ushee. Zingine zimeliwa njiani na swichi iliyochoka na zile fyuzi za umbo la risasi, za alumini zinashika kutu, wewe tafuta za shaba. Ongeza rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya ampea 30 na waya mnene toka betri, na fyuzi yake karibu na betri jamani, msichome gari. Kwa hela iliyotoka hii ndo iliyonishangaza zaidi.

Tatu ndo mota yenyewe. Ikilia kama ndege au ikiwaka mpaka uigonge, kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zimeisha, na fundi wa mota anaweza kuweka mpya. Ukiamua kununua chukua Bosch mpya, used ya kwenye gari lililochinjwa ina umri ule ule wa yako. Na ikifungwa waya kinyume inazunguka kinyume, bado itapuliza ila kinyonge, watu wanalaumu mota bure.

Upepo ukiishia kwenye kioo cha mbele badala ya katikati, hapo ni vakyumu (mvuto wa hewa toka kwenye injini unaosogeza vile vimilango), kuna mpira wake umepasuka. Ukianza vizuri afu ukapotea baada ya nusu saa, ukizima AC dakika kumi unarudi, evaporeta inaganda barafu, badili thamostati (kifaa kinachokata AC baridi ikizidi).

Mwisho kabisa kondensa, ile redieta ya mbele inayotoa joto la gesi ya AC. Gari zilitoka na gesi ya R12, sasa hivi tunajaza R134a na kondensa ya zamani inazidiwa hasa ukiwa umesimama kwenye foleni. Ya kisasa ya aina ya parallel flow (gesi inapita kwenye mirija mingi kwa pamoja) pamoja na feni ya umeme mbele inasaidia kweli, ila hiyo ni kwa ajili ya baridi, matundu yako hayataongeza pumzi hata kidogo.

Vifeni vya USB vya kubandika kwenye dashi? Mnunulie mtoto achezee.