Tathmini: asubuhi tano za kujifunza kutua kwa paramota, Kumi

Kozi hii ya paramota, yaani bawa la kitambaa linalosukumwa na injini iliyobebwa mgongoni, hufanyika kwenye malisho ya ng'ombe nje ya mji wa Kumi, kwenye nyanda za Teso, mashariki mwa Uganda, asubuhi tano mfululizo, wanafunzi watatu kwa mwalimu mmoja na msaidizi wake. Si kozi ya wanaoanza. Anayepokelewa ni yule ambaye tayari anainua bawa, anaruka na kuzunguka uwanja peke yake, ila akirudi chini anatua kwa magoti na kuondoka na propela iliyokatika ncha. Tumeifuatilia tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, kipima upepo na kamera vikiwa pembeni mwa uwanja. Inastahili pesa yake. Sababu kubwa ni kwamba haianzi kwa kufundisha mikono. Inaanza na njia ya kuingilia uwanjani, na huko ndiko utuaji mwingi unakoharibikia.

Walimu wengi hukaa na redio wakingoja mwanafunzi afike mita tatu kutoka ardhini, kisha hupiga kelele avute breki, kamba zinazopunguza kasi ya bawa: "Vuta! Vuta!" Mwanafunzi husikia, hufikiri, halafu huvuta, na wakati huo miguu tayari imegonga. Hapa mwalimu anazungumza hadi mita 10, kisha ananyamaza. Ukimya huo umepangwa, na kila mwanafunzi anaambiwa mapema kwamba utakuja, ili macho yake yafanye kazi badala ya masikio.

Siku ya kwanza injini haiwashwi kabisa. Hanesi, kiti cha mikanda anachokalia rubani, inaning'inizwa kwenye tawi la mwembe, injini ikiwa mgongoni kwa uzito wake halisi, kilo 25 hadi 30, na mwanafunzi anarudia jambo moja: kutoka kitini na kusimama. Kifua kinakwenda mbele, miguu inanyooka chini, mmoja unatangulia nusu hatua, magoti yanabaki yamelegea. Anayetua akiwa ameketi hupokea kishindo chote kwenye uti wa mgongo, kisha fremu hupiga ardhi na propela hufuata. Kazi hii inapaswa kukamilika kwenye urefu wa mita 20 hadi 30, wala si kwenye mita tano.

Chini ya mwembe huo tuliona kifaa ambacho kila shule inaweza kukiiga bila gharama. Mwalimu amefunga uzi mwekundu wa kushonea kutoka kwenye kila kishikizo cha breki hadi kwenye tawi, akauachia ulegevu wa vidole viwili tu. Mtu anapojinyanyua kutoka kitini, mikono hushuka yenyewe kutafuta pa kuegemea, na kushuka huko huvuta breki. Angani hatahisi kitu, ila bawa litapunguza kasi mapema na nguvu ya kutulia itakuwa imekwisha kabla hajaifikia ardhi. Hapa uzi unakatika. Kufikia saa tatu asubuhi nyasi chini ya mti zilikuwa zimetapakaa vipande vyekundu, na kila mmoja alikuwa ameliona kosa lake kwa macho.

Siku ya pili ndipo hesabu inapoanza, na hapa kozi ina uzito. Injini inazimwa kwenye mita 50. Bawa la kawaida la mwanafunzi, likibeba injini iliyozimwa, hesabu ya tahadhari ni mita sita mbele kwa kila mita moja ya kushuka. Kwa hiyo mita 50 zinakupa mita 300 hewa ikiwa imetulia. Kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa hiyo ni nusu dakika. Sasa weka upepo wa mbele wa kilomita 15 kwa saa: katika nusu dakika hiyo unakurudisha mita 125, na zilizobaki ni 175. Mistari miwili ya chokaa imechorwa kwenye nyasi kuonyesha umbali huo, 300 na 175, na mwanafunzi akiitazama kutoka juu anaelewa kwa nini mzunguko uliopita alitua kwenye shamba la mihogo la jirani.

Mzunguko wenyewe ni wa kona mbili: unakwenda na upepo ukiwa na uwanja ubavuni, unakata kuukatiza upepo, kisha unageuka kuukabili. Ukiwa juu sana, unarefusha kipande cha katikati. Ukiwa chini, unakifupisha. Urekebishaji unafanyika hapo, si kwa kuyumba kushoto na kulia mbele ya uwanja. Kona ya mwisho inakamilika kabla ya mita 30. Sababu inaelezwa vizuri: kwenye kona rubani huning'inia nje kama timazi iliyosukumwa, na bawa linapotoka kwenye kona huchupa mbele na kushuka kwa kasi kabla ya kutulia. Kwenye mita 40 hilo ni jambo la sekunde mbili. Kwenye mita nane linakupeleka ardhini ukiwa umeelekea ubavu.

Tuje kwenye mvuto wa mwisho wa breki, ambao ndio wateja wengi wanaufuata hapa. Kanuni inayofundishwa ni mikono juu kabisa katika mteremko wote wa mwisho, bawa likiwa na kasi yake kamili, kwa kuwa kasi hiyo ndiyo akiba itakayobadilishwa kuwa unyanyuo. Ukifika mita mbili hadi tatu, unashusha breki taratibu hadi usawa wa mabega. Mteremko unapungua, na kwa kitambo unateleza sambamba na ardhi kwenye urefu wa goti au paja. Unapohisi bawa linaanza kuchoka, unamalizia hadi chini ya nyonga, na miguu inagusa ikiwa tayari inatembea. Siku isiyo na upepo jiandae kukimbia hatua tano au sita. Kwenye upepo wa kilomita 15 ni hatua moja au mbili.

Ukivuta mapema mno, bawa linakunyanyua tena hadi mita tatu au nne, halafu linasimama. Hapo silika ya kila mtu ni kuachia mikono juu ghafla, na hilo ndilo kosa lililoleta maanguko mawili kati ya matatu tuliyoyaona, kwa kuwa bawa lililoachiwa ghafla huchupa mbele na kumtupa rubani usoni. Linalofundishwa ni kuishikilia mikono pale ilipo, au kuipandisha kwa upana wa kiganja tu, kungoja bawa lianze kushuka tena, kisha kumalizia mvuto uliobaki. Zoezi hili linafanywa makusudi siku ya tatu, na tunalisifu.

Nyasi ndefu nazo zinadanganya. Jicho hupima urefu kutoka kwenye ncha za nyasi badala ya udongo, na mwanafunzi huvuta akiwa bado juu. Dawa inayotolewa ni kutazama mbele, mita 30 hadi 40, wala si chini ya miguu. Halafu kuna upepo kupungua karibu na ardhi. Nyasi, vichaka na udongo huushika, hivyo anayeshuka kuukabili hupoteza sehemu ya mwendo wake wa hewani katika mita 10 za mwisho bila kufanya lolote. Aliyekwisha kushusha breki kidogo "kwa usalama" hujikuta akidondoka.

Pengo kubwa la kozi ni kimo cha nchi yenyewe. Vitabu vingi na video nyingi za mafunzo hutoka kwenye viwanja vya Ulaya vilivyo karibu na usawa wa bahari. Kumi iko kwenye mita 1,100 hivi. Hewa ni nyepesi zaidi, na bawa lile lile, likibeba uzito ule ule, linatua kwa kasi zaidi: takriban asilimia 8 asubuhi yenye nyuzi 22, na karibu 10 joto likifika 32. Kilomita 36 zinakuwa 39 na ushee. Kwa atakayepeleka bawa lake Kabale, kwenye kimo kinachokaribia mita 2,000, ongezeko ni la asilimia 13 au 14. Injini nayo inapungua nguvu. Mwalimu analijua hili, kwani alilijibu vyema alipoulizwa, lakini halimo katika masomo yake, na mwanafunzi asiyeuliza anaondoka bila kulisikia. Linastahili saa nzima ubaoni.

Jambo la pili ni trimu, vibano kwenye mikanda ya bawa vinavyobadilisha kasi yake. Wawili kati ya wanafunzi watatu walikuwa na mabawa ya rifleksi, yale yanayotulia sana trimu zikiwa zimefunguliwa. Kwenye mengi ya mabawa hayo, kuvuta breki kuu wakati trimu ziko wazi kabisa huharibu umbo linaloleta utulivu, na bawa linaweza kukunjika. Kwa kutua, trimu hurudishwa kwenye alama iliyotajwa na kitabu cha mtengenezaji, na hilo hufanywa juu, mita 100 au zaidi, si wakati wa kutafuta uwanja. Hapa ilisemwa mara moja siku ya pili, basi. Tungependa iwe neno la kwanza kwenye redio katika kila mzunguko.

Kutua injini ikiwa inanguruma kulipewa asubuhi moja tu. Tunakubali kwamba kuzima injini ndiyo njia salama zaidi ya kujifunzia: propela iliyosimama huvunjika vipande vichache, na haimkati mtu. Lakini rubani anayejua njia moja tu hana la kufanya ng'ombe akikatiza mbele yake. Anayeghairi kutua anapaswa kuamua kabla ya mita 15, kupandisha mikono taratibu kwanza, ndipo aongeze mafuta kidogo kidogo. Akibana mafuta yote huku breki ziko chini, injini humsukuma mbele na bawa hubaki nyuma, likiwa hatua moja tu kabla ya kupoteza hewa. Hili lilielezwa kwa usahihi, ila kila mmoja alilifanya mara mbili tu. Mara sita zingetosha.

Uwanja una sifa na kasoro. Ni mpana, hauna nyaya za umeme upande wa kuingilia, na soksi ya upepo imewekwa mbali na miti. Tatizo ni vichuguu. Ukanda wa katikati umewekewa magunia meupe juu ya kila kichuguu, lakini ng'ambo ya mstari wa mwisho, ambako aliyepitiliza ndiko huishia, hakuna alama hata moja, na vingine vimejificha nyasini kwa urefu wa goti. Vivyo hivyo vigingi vya kufungia mbuzi. Mwanafunzi mmoja aliteguka kifundo cha mguu huko, akiwa ametua vizuri kabisa. Tulipolisema, ukanda huo ulikaguliwa kesho yake alfajiri. Ulipaswa kukaguliwa tangu siku ya kwanza.

Kuhusu saa za kuruka, mwalimu hana mchezo: kuanzia saa moja kasorobo hadi saa tatu, baada ya hapo mabawa yanakunjwa. Yuko sahihi. Jua likipanda, mapande ya miamba yanayotapakaa eneo hili hadi Nyero hupashwa joto mapema kuliko nyasi, hewa huanza kupanda kwa mafungu, na wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari, chamchela hutokea uwanjani bila taarifa. Wingu la mvua likionekana hata mbali, hakuna anayeruka, kwa maana upepo unaotangulia mvua hufika kabla ya tone la kwanza.

Baada ya miguu kugusa kazi haijaisha, na kozi inalizingatia. Injini inahakikishwa imezimwa, rubani anageuka kulikabili bawa na kuvuta mikanda ya nyuma ya bawa lianguke mbele yake. Likimwangukia kichwani, kamba hulalia ekzosi ya moto. Kamba za Dyneema, ambayo ni aina ya plastiki imara, huyeyuka kwenye nyuzi joto 145 hivi, na ekzosi iliyotoka angani ina joto zaidi ya hapo. Kamba iliyoguswa hivyo huweza kuonekana nzima na kukatika safari ijayo, kwa hiyo ipitishe kati ya vidole kabla ya kukunja: sehemu iliyokakamaa ndiyo yenye ugonjwa.

Kila mwanafunzi alitua kati ya mara 20 na 24 katika siku tano. Bei inajumuisha redio na chai ya asubuhi, haijumuishi petroli wala propela. Wenye paramota ya magurudumu wasijiandikishe, maana karibu kila kitu kuhusu miguu hakiwahusu, na upepo wa ubavuni, ambao ndio unaopindua magurudumu, haufundishwi. Njoo na viatu vinavyofunika kifundo, glavu, kofia ngumu yenye nafasi ya redio, na kitabu cha bawa lako ukurasa wa trimu ukiwa umekunjwa. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga omba kuonyeshwa kabla ya kulipa, kwa kuwa Soroti iko karibu na ndege za wanafunzi wa chuo cha urubani hupita. Sisi tulipoomba, karatasi ilitolewa papo hapo, ikiwa na tarehe na urefu ulioruhusiwa.